Kihindi cha Bi Jokha

Anayesema mie sijui Kihindi, mwache aseme. Kweli sikijui. Lakini hapana sinema ya Kihindi iliyonishinda, tangu nilipokuwa msichana Unguja nikienda na mama yangu siku ya wanawake, karanga mkononi, mpaka leo hii hapa Ibra, Omani. Mtu akilia, analia. Akikasirika, amekasirika. Kwani hasira ina lugha? Unamtazama macho, unamtazama mikono, na panapopelea unatia chumvi.

Mwaka wa thamanini na nne mume wangu Mabrouk, mwenye duka la spea za magari, alileta vidio kutoka Maskati. Akaiweka sebuleni, akaniambia, "Hii ya habari na mpira." Nikamwambia, "Inshallah." Haikupita wiki, kila baada ya sala ya alasiri majirani wamejaa kwangu. Kanda tulizikodi kwa Mhindi mmoja sokoni. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa yakipita chini ya picha, lakini yalipita mbio, na sie wa umri wangu tulisomeshwa msahafu, na msahafu haukimbii. Basi nikawa nasimama pembeni ya televisheni natafsiri, na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Nyumba yangu ilikuwa na sharti moja: hatoki mtu bila ya kutoa maoni. Kanda ikisha, nazima mashine, kahawa inazungushwa, kila mmoja anasema lake. Mwanamize, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, siku zote alikuwa upande wa jambazi. "Jambazi ana kazi yake," alikuwa akisema. "Huyu mwengine anaimba tu mashambani. Mkewe atakula nyimbo?" Hapo nyumba inawaka moto. Tuligombana kwa ajili ya watu tusiowajua hata majina, tukaagana roho zimetakata.

Mmoja tu alikuwa hasemi sana, naye ni Ghalia, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Ghalia alikuwa akiyasoma yale maandishi ya chini. Alijua fika kwamba ninayoyasema siyo yanayosemwa. Lakini hakunitia aibu hata siku moja. Alikuwa akikaa nyuma kabisa, kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

Na Ghalia alikuwa mwalimu. Nalitamka hili mpaka leo kwa kifua mbele. Skuli ya wasichana hapa kwetu walimu karibu wote walikuwa Wamisri, na katikati yao alikuwamo binti yangu, kasimama ubaoni, anafunza watoto wa darasa la kwanza kushika kalamu. Akirudi nyumbani ana chaki mpaka kwenye nyusi. Namwambia, "Kaoge, weye," naye anataka kwanza anihadithie nani leo kaandika jina lake.

Kijana aliyekuja kumposa ni Musallam, mtu wa Sur, mji wa mabaharia, fundi wa idara ya umeme. Alikuja skuli kutengeneza taa, akamwona, Ghalia naye akamwona, yakesha. Wanaume wakaonana msikitini, wakapatana mahari, wakapeana mikono. Mabrouk akarudi kafurahi. Nikamuuliza, "Na kazi yake?" Akasema, "Kazi ya nani?" Salale! Wanaume watatu wazima wamekaa, wamezungumza, wakala na halua, na hapana hata mmoja aliyekumbuka kuuliza kama mtoto ataendelea kusomesha.

Ghalia alinifuata jikoni siku ile. "Shangazi," akaniambia, "Musallam namtaka. Sikufichi. Lakini wake wa kaka zake wote wawili mama yao kawaweka ndani, na mmoja alikuwa muuguzi. Nikiambiwa niache darasa, sitaolewa naye. Nitalia, lakini sitaolewa." Alikuwa akikata vitunguu, machozi yanamtoka, sikujua ya nini. Nikamwambia, "Niachie mie."

Kumwachia Jokha ni rahisi kusema. Mama wa kijana, Bi Wadha, alikuwa anakuja Alkhamisi kumtazama mkaza mwana wake, na huko ndiko posa inakofungwa au kuvunjika. Kwa desturi ya huku, msichana siku hiyo anamimina kahawa na kunyamaza. Mgeni aliyekuja na haja akimiminiwa, anaiweka finjani chini, haigusi mpaka apate jibu. Na mwenye nyumba humwekei mgeni masharti usoni, kahawa yake ikipoa mbele yake, kama unauza mbuzi. Sasa nitasemaje? Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma, kisha nikacheka peke yangu. Mie sitasema. Itasema sinema.

Nikakodi kanda tuliyoitazama wiki iliyopita. Humo mlikuwa na mama mkwe mkali, mnene, na mkaza mwana mzuri mwenye macho kama birika mbili za maji, wanavutana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanavutana kwa kitu gani, sijui. Kulikuwa na mikono mingi na vilio vingi, kwa hivyo ingenifaa.

Bi Wadha alikuja na gari la mwanawe. Mwanamke mrefu, mkavu, barakoa yake ya Kiomani imekaa sawasawa usoni, dhahabu kidogo, manukato mengi. Kiswahili akikijua vizuri, kwani mamaake alizaliwa Unguja. Nikamwamkia, "Shikamoo," maana alikuwa amenipita umri. "Marahaba," akasema, akakaa, akamtazama Ghalia kutoka utosini mpaka kwenye kidole gumba. Ghalia akamimina. Bi Wadha akaipokea finjani, akaiweka kwenye zulia mbele ya goti lake.

"Kwetu hapa alasiri huwa tunatazama sinema," nikasema, najitia hamnazo. "Bi Wadha hatochukia?"

"Sichukii," akasema.

Nikaitia kanda. Mwanamize alikuwapo, kala halua nusu sinia, yuko tayari kumtetea jambazi. Nami nikasimama pahala pangu. Mara yule mama mnene akatokea, kamshika mkaza mwana mkono, anafoka.

"Anamwambia," nikasema, "'Kazi yako uiache! Mke wa mwanangu hatoki nje kwenda kufunza watoto wa watu!'"

"Kwani huyu ni mwalimu?" akauliza Mwanamize. "Wiki iliyopita ulisema ni yatima aliyepotea sokoni."

"Alipotea, akasomeshwa," nikamkata. "Tazama! Msichana anajibu: 'Mama, nitakuheshimu na nitakutumikia, lakini kuna watoto wananingoja, na nikikaa ndani nitanyauka.'"

Nilisema kwa uchungu khasa. Nikamwibia Bi Wadha jicho. Anatazama tu. Ghalia kasimama mlangoni na dele la kahawa, na safari hii mabega yalikuwa hayatikisiki. Nikaendelea. Kila yule msichana alipofumbua mdomo, nikamsemeza habari za skuli. Alipopika alikuwa anasema skuli. Alipoanguka miguuni mwa mumewe alikuwa anasema skuli. Nilijiona bingwa, wallahi.

"Bi Jokha," akasema Bi Wadha. "Hapo umekosea."

Nikamgeukia. "Nimekosea wapi?"

"Mimi nimekaa Bombay na marehemu mume wangu, akifanya biashara ya tende, mpaka watoto wangu wakaanza kusema Kihindi kabla ya Kiarabu. Kihindi nakisikia kama nnavyokusikia wewe."

Toba! Nilisahau. Mtu mwengine yeyote angekumbuka kwamba watu wa Sur Bombay kwao ni kama mtaa wa pili. Mie, Jokha, ninayejua kila kitu, nilikwenda nikakodi sinema ya Kihindi kumtilia chumvi mwanamke wa Sur. Nikamtazama Ghalia, rangi imemtoka. Nikajiambia, basi, posa ya mtoto nimeivunja mie kwa mkono wangu.

Bi Wadha akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Huyu mama hakusema 'usitoke.' Anasema hivi: 'Wanangu wote wamekuwa watu wa kazi. Mmoja Maskati, mmoja baharini, wake zao wamehamia majumba yao, na mmoja juu ya nguzo za umeme. Nyumba ina vyumba vingi na sauti hamna. Na huyu naye akitoka asubuhi, mimi nitazungumza na nani?'"

Nikageuka nitazame. Yule mama mnene kafumba mdomo. Alikuwa kimya kabisa, anatafuna tambuu dirishani.

Hapo ndipo nilipomfahamu Bi Wadha. Mwanamke hakuwa akinisuta. Alikuwa ananijibu.

Nikakohoa. Nikavuta mtandio wangu. "Naam, Bi Wadha, hapo nilipapita mbio. Lakini msikilize mtoto, anasema: 'Mama, skuli inatoka adhuhuri. Alasiri zangu zote na usiku wangu ni wako.'"

"Mama anasema: 'Na chakula cha mchana?'"

"'Nitapika alfajiri kabla sijatoka.'"

"'Chakula cha alfajiri mchana kimelala.'"

"'Basi tutapika pamoja nikirudi, na watu watakula wakichelewa kidogo. Hawatakufa.'"

"Hebu!" akasema Mwanamize. "Mbona huyu kijana yuko juu ya farasi anafukuzwa na polisi, na nyie mnazungumza chakula?"

"Nyamaza, shoga!" tukamwambia sote wawili, mimi na Bi Wadha, kwa pamoja. Bi Wadha akakaribia kucheka, nikaona macho yake nyuma ya barakoa. Lakini hakucheka. Akauzungusha mkono juu ya ile finjani ya kahawa iliyopoa, asiiguse.

"Mama anasema," akaendelea, na sauti sasa imekuwa nzito, "'Nilimwachia mmoja akatoka, yule muuguzi. Watu wakasema. Wakasema mpaka mwanangu akaanza kusikiliza, na nyumba ikaingia mashaka. Nikamweka ndani ili wasiseme. Na wewe wakija kukusema, nifanye nini?'"

Yule msichana wa sinema alikuwa amekaa peke yake chini ya ngazi. Akainua uso, mdomo ukaanza kwenda. Zamu yangu. Na mie, Jokha, niliyemsemeza kila mtu aliyepita mbele ya kioo kile, wafalme na wezi na mabibi harusi, nikakosa neno. Nitamwambiaje mtu kama yule kwamba watu hawatasema? Watasema. Nawajua, na mie mmoja wao. Mdomo wa msichana ulikwenda, ukaenda, na sebule nzima wananitazama mie.

"Anasema," ikatoka sauti mlangoni.

Ghalia alikuwa ameweka dele chini. Desturi inamtaka anyamaze, na anayesema siku ile watu humwita hana haya. Nikataka kumzuia, mkono wangu haukuinuka.

"Anasema: 'Mama, watu wakinisema, niulize mimi kwanza, nami nitakwambia kweli. Nikinyamaza leo ili nikupendeze, kesho utakuwa umemleta nyumbani kwako mtu usiyemjua. Na ukinikataa kwa ajili ya skuli, nitaumia, kwa sababu mwanao nampenda. Lakini skuli sitaiacha.'"

Hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa anamtazama Bi Wadha machoni.

"Zima," akasema Bi Wadha.

Nikazima. Mwanamize akaacha kutafuna.

"Nimesikia," akasema Bi Wadha, "kwamba katika nyumba hii mgeni hatoki bila ya kutoa maoni."

"Ndivyo," nikasema.

"Basi yangu haya. Sinema hii nimeitazama Bombay, na tena Sur, nyumbani. Inahusu funguo. Mama na mkaza mwana wanagombea funguo za ghala la mchele mwanzo mpaka mwisho, mama anakufa na funguo mkononi, na kila mtu analia. Upuuzi mtupu. Hii yenu ni bora." Akamgeukia Ghalia. "Skuli ya wasichana ya Sur iko nyuma ya nyumba yangu. Kelele za watoto zinaniamsha kila siku. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, na anayetaka kusema aje aniseme mimi."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya mgeni na pua ikanitoka. Mwanamize naye akalia, ingawa mpaka leo sidhani kama alijua kwa nini.

"Lakini na mimi nina sharti," akasema Bi Wadha.

Nikafuta uso upesi. Ghalia akasimama wima. "Lipi?" akauliza.

"Vidio tunayo. Musallam aliniletea nisikae bure. Natazama peke yangu, kila neno nalielewa, na ikisha sina wa kugombana naye." Akasita, akaivuta barakoa yake ikae vizuri. "Ukitoka skuli, ukishapumzika, alasiri utakaa na mimi unitafsirie."

"Lakini mama," akasema Ghalia, na lile neno mama lilimtoka bila ya kulifikiri, "si Kihindi unakijua?"

"Usinitafsirie yanayosemwa," akasema Bi Wadha. "Nitafsirie kama shangazi yako."

Ghalia akacheka, machozi yanamshuka. "Nimekubali," akasema. Akapiga goti, akaichukua ile finjani, akaimwaga kahawa baridi, akamimina ya moto. Bi Wadha akaipokea kwa mkono wa kulia, akainywa yote, akamrudishia amtilie nyengine.