Mama Mlangoni

Nilipoenda kupiga picha nyumba yetu ya Olenguruone kabla haijabomolewa kupisha barabara, nilimwomba Mama aondoke mlangoni. Alikataa katakata. "Kwetu mgeni hazunguki boma mlango ukiwa mtupu. Ukiwa na kamera hiyo, leo wewe ni mgeni." Nikakasirika. Nikazunguka nikipiga picha, naye ameketi tu, mikono magotini.

Mwezi uliofuata tulimzika. Kisha nyumba nayo ikabomolewa.

Sasa niko ofisini Nakuru, naiunda upya kwenye kompyuta kutokana na picha zile. Programu inayounganisha picha haitaki watu. Katika kila picha alimo lazima nimzungushie Mama mstari na kumfunika kwa weusi, isimsome.

"Huyo mathe mfunike vizuri, asituharibie ukuta," bosi wangu Hanif akasema. Hakujua ni nani. Nikamfunika: leso, mabega, viatu vya plastiki.

Jioni nyumba ikatokea. Mabati yako sawa, kuta ziko sawa. Mlango ndio haupo. Hakuna picha hata moja iliyouona bila yeye. Pale pamebaki shimo, lenye umbo la mabega ya Mama.