Fuwele Iliyooshwa

Kwenye kioo cha kompyuta protini ilionekana imejikunja vizuri, kila kona mahali pake, lakini ubavuni mwake palikuwa na shimo tupu. Fundi wa eksirei aliligeuza umbo lile mara tatu, polepole, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko alioukagua tayari.

"Daktari, mwenzake hayupo," akasema.

"Tazama tena."

"Natazama tangu asubuhi."

Mwenzake alikuwa kipande kifupi cha protini ya mitokondria, ile mitambo midogo inayoipa seli nguvu. Mtambo ukichakaa, protini ya usafi, hii ya kiooni, hukikamata kipande hicho, na mtambo mzima ukaburutwa kwenda kuliwa na seli yenyewe. Seli haina jalala, hula vyake. Daktari alitaka kuuona mkamato huo tu, na aliutafuta miaka minne. Eksirei huipiga picha protini iliyoganda kuwa fuwele tu, na fuwele zilizokubali kuota zilikuwa mbili, ndogo kuliko punje ya chumvi, na Ijumaa mkuu wa idara angeifunga kazi hii picha isipopatikana.

Kosa Daktari alilijua kabla fundi hajatoka. Aliiosha. Alikuwa mtu wa usafi, hata vikombe vya chai vya watu alivisuuza bila kuombwa, na fuwele yake aliichovya katika maji ya dawa matupu ili itakate. Kipande kile kilikuwa kimeshikwa kwa wepesi, kikajiondokea.

Bi Mizani alikuwa amemwonya zamani. Ndilo jina walilompa mwanamke aliyeanza naye kazi hii, kwa kuwa alipima kila kitu mara mbili. Alisema maji ya kuoshea yatiwe kipande kilekile kwa wingi, ili kilichomo kisishawishike kutoka. Daktari akamjibu mbele ya watu kwamba hakusoma miaka yote hiyo aje kufundishwa kuosha. Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Mizani alihamia maabara ya mtaa wa pili, na kwa miezi kumi na minne Daktari alikula chakula cha mchana peke yake, amesimama. Ulikuwa upweke, ila mwenyewe aliuita utulivu.

Sasa ilibaki fuwele moja. Namna ya kuiosha aliijua. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Hata hivyo akapiga simu.

"Ni mimi."

"Sauti naijua."

"Niliiosha kwa maji matupu."

Upande wa pili watu walikuwa wakicheka, kisha mlango ukafungwa na kicheko kikakatika.

"Imebaki ngapi?" Bi Mizani akauliza.

"Moja. La kufanya nalijua. Sikukupigia kwa hilo."

"Umenipigia kwa lipi, basi?"

Maneno ya kazi Daktari alikuwa nayo tele, angeweza kuzungumza hadi jua lichwe. Haya mengine, ya kuomba radhi, hakuyapata. Alingoja aulizwe tena. Bi Mizani hakuuliza, wala hakukata simu.