Mwenye Swichi Kubwa

Tangu ule moto wa umeme uliomchukua mama yangu, shangazi ndiye mwenye swichi kubwa pale kwenye kiwanda cha nguo. Kengele ya kutoka ikilia, hakuna fundi anayesubiri kuambiwa: unaondoa mguu kwenye pedeli, shangazi anavuta swichi, ukumbi wote unakuwa kiza, naye anapaza sauti, "Moto umelala!" Sisi tunaitikia, "Na ulale!" Wageni hutucheka. Wacheke tu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka huu mabosi wakaleta mashine za kukata vitambaa zinazoongozwa na kompyuta. Atakayefaulu mafunzo abaki, atakayefeli ashike njia. Kompyuta zikapangwa kwenye kona ya ukumbi ule ule, umeme ule ule. Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye shingo ndefu, tukambatiza Twiga.

Shangazi alianza vibaya. Mausi aliigonga kama anaua mende.

"Mwanangu, hiki kidude kinanikwepa," alinilalamikia.

Hakukata tamaa. Nyumbani alifanya mazoezi juu ya meza ya chakula, akisukuma kipande cha sabuni huku na huku. Nilimcheka weee, mpaka siku aliponipita darasani. Hapo nikafyata mkia.

Siku ya mtihani tulitakiwa kuchora vipande vyote vya shati kwenye skrini. Twiga alisema tutahifadhi kazi mwishoni, sote pamoja, akituongoza. Hilo nalo ni kosa lake, na sijamsamehe. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kola. Shangazi alishamaliza, amekunja mikono, analitazama shati lake kama mzazi anayemtazama mtoto aliyelala.

Kengele ikalia.

Aliinuka bila kuwaza. Nilimwona akienda ukutani, na wallahi sikuona ajabu yoyote. Akavuta. Skrini zote zikazima.

"Moto umelala!"

"Na ulale!" tuliitikia, mimi nikiwa wa kwanza.

Kisha sauti ya Twiga gizani, nyembamba: "Jamani... kazi zenu."

Alipiga simu makao makuu, akabembeleza hadi machozi yakamlenga. Wapi! Mtihani hufunguka mara moja tu, walisema, na wao wameona kazi tupu. Nafasi zetu wakapewa watu wa nje wanaojua tayari. Hakuna aliyemtukana shangazi. Afadhali wangemtukana, kuliko vile walivyompisha mlangoni bila neno.

Nyumbani alikaa kitandani na nguo zake za kazi. Sabuni ilikuwa bado mezani. Kwetu taa hailali ikiwaka. Yeye mwenyewe hupita chumba kwa chumba akizima. Nilipoona hainuki, nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Iache," alisema.

"Shangazi, tunalala."

"Iache iwake, mwanangu. Leo nimezima vya kutosha."

Nikaiacha, nikalala nimejifunika uso.