Nusu Saa ya Kumwona Mama

Mume wangu na dada yake walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya kabati. Mama mkwe alipohama nyumba yake kubwa, kila mmoja alilitaka, na mwishowe likabaki barazani kwa jirani, likaliwa na mchwa. Mimi ni wa kuolewa tu. Wahenga walishasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami nililima kwelikweli.

Kisha mama mkwe akalazwa ili apasuliwe moyo. Wodi yake haikuruhusu wageni kwa kuogopa maambukizi, ila hospitali ilikuwa na ukurasa mtandaoni: jioni, kwa nusu saa, unamwona mgonjwa wako na kuongea naye. Kila mgonjwa alikuwa na jina moja na neno moja la siri kwa familia nzima. Wakamtumia mume wangu, wakamtumia na wifi.

Jioni ya kuamkia upasuaji, mume wangu alikaa mbele ya kompyuta amevaa shati lake la kutokea. Saa ilipofika akaingia, na mama mkwe huyo hapo, kofia ya kijani kichwani, anatabasamu.

"Mama, umekula?"

Kabla hajajibiwa, mama akapotea. Ukurasa ukadai neno la siri. Mume wangu akaliandika upya, mama akarudi.

"Wamenikataza kula, mwanangu, mpaka..."

Neno la siri tena.

Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kwake hakuna ugonjwa wa mashine usiotibiwa kwa kuzima na kuwasha. Akazima kompyuta, akawasha. Akazima kifaa cha intaneti, akawasha. Akahamia kwenye simu yangu. Kila akiingia anamwona mama kidogo tu, kisha anatupwa nje. Ikafika mahali anaandika lile neno kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, anasoma kwa sauti. Nikamwambia apige namba ya msaada.

"Ngoja kwanza," akasema. Ubishi wa fundi nao ni kipaji.

Alipokubali kupiga, dakika zilikuwa zimekwenda. Mwanamke wa kitengo cha kompyuta cha hospitali akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza swali moja.

"Kuna mwenzako anaingia kwa jina hilohilo? Mfumo unapokea mtu mmoja tu. Wa pili akiingia, wa kwanza anatolewa."

Mume wangu akaniangalia. Namba ya wifi nilikuwa nayo siku zote, kwa hiyo nikapiga mimi. Akapokea huku analia.

"Wifi, hili dude linanifukuza kila nikiingia, mpaka nimeliacha. Hebu muulize kaka, yeye si ndiye anajua mashine?"

"Ni nyinyi wenyewe mnafukuzana, wifi. Ingieni kwa zamu. Anza wewe."

Akajaribu. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha akanisomea kilichoandikwa: muda wa kutembelea wagonjwa umekwisha.

Mama mkwe hakuamka baada ya upasuaji.

Tulipokwenda kuchukua vitu vyake, kaka na dada walisimama kila mmoja upande wake wa meza. Nesi aliyekuwa zamu jioni ile akatupa pole, akaweka begi katikati yao.

"Alilala na furaha," akasema. "Mlivyokuwa mnaingia na kutoka, alicheka mpaka nikamwambia apumzike. Akasema, 'Wanangu wamepatana. Wako chumba kimoja, wanagombea kiti kama zamani.' Mlikuwa pamoja, sivyo?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Nikalifikiria jembe langu la miaka yote ile, nikalichukia. Simu moja tu, ningeipiga mapema, mama angeongea na watoto wake wote wawili akashiba.

Nesi alikuwa bado anasubiri jibu.

"Ndiyo," wifi akasema, akimtazama kaka yake. "Tulikuwa pamoja."