Mwanzi Uliopiga Chafya

Katika nchi ya Bondeni kila shimo, kila kiota na kila pango lilikuwa na mwanzi. Ukisema kwenye mwanzi wako, sauti ilipita chini ya ardhi ikamfikia umtakaye. Zamani wanyama waliichonga mianzi hiyo wenyewe. Kisha Mfalme Kiboko, kwa huruma yake isiyo na kipimo, akagawa mianzi mipya ya bure, iliyotiwa muhuri wa nta, na ile ya zamani ikachomwa kwa ajili ya usalama.

Nungunungu aliupokea wa kwake kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka pembeni na kuutazama kama mtu anayetazama uyoga asioujua. Alikuwa fundi wa kujifurahisha tu, hakuna aliyemtuma. Lakini kitu ambacho hajakifungua, yeye hakukihesabu kuwa chake.

Mwaka huo mvua zilikataa. Kila asubuhi ikulu ilitangaza kwenye mianzi kwamba mto umekauka kwa mapenzi ya Mungu. Nungunungu alikuwa mcha Mungu, na tangazo hilo lilimuudhi kuliko kiu yenyewe.

Siku moja jirani yake, Bi Digidigi, alimwambia dada yake kwenye mwanzi, "Nimepita nyuma ya ikulu, mwenzangu. Bwawa limejaa pomoni!" Kesho yake askari Ngiri wakamchukua. Kosa lake lilisomwa hadharani: kueneza unyevunyevu bila kibali.

"Nani amemchongea?" wanyama waliulizana, wakaanza kumtazama dada mtu kwa jicho baya.

Nungunungu hakumtazama dada mtu. Aliingia katika shimo tupu la jirani yake, akasali, akatega sikio kwenye mwanzi. Alikaa hivyo tangu asubuhi hadi jua la utosi. Ndipo mwanzi ukapiga chafya.

"Afya," akasema kwa mazoea.

Akachomoa mwiba mgongoni mwake, akatoboa nta. Nyuma ya muhuri palikuwa na tundu la pili, jembamba kama bua la nyasi, likipanda mlimani kuelekea ikulu. Alitaka kusema "Kumbe!" akajiziba mdomo. Kisha akawaza: kama chafya ya huko juu imefika huku chini, basi si chafya peke yake inayoweza kufika.

Akasali tena, muda mrefu zaidi, akaenda ikulu na ile nta iliyotobolewa mkononi.

"Ndiye huyu aliyevunja muhuri?" aliuliza Waziri Kinyonga mbele ya baraza.

"Ndimi, Mheshimiwa. Mianzi yenu ina kasoro ambayo mafundi wenu hawajaiona." Hakusema uongo, maana aliogopa dhambi. "Nipelekeni inakoishia, niwaonyeshe. Ombi langu ni Bi Digidigi aachiwe."

Mfalme Kiboko alimeza nyasi alizokuwa akitafuna. "Utuonyeshe kwanza."

Baraza zima likaandamana hadi chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na kibuyu kikubwa kama nyumba, na mianzi yote ya nchi ilikuwa imeingia ndani yake. Popo alining'inia juu, masikio wazi. Alipowaona akaweka bawa mdomoni.

"Shhh!"

Masikio madogo ya Mfalme yalisimama. "Nani anamwambia Mfalme shhh?"

Popo alitikisa kichwa, akakionyesha kibuyu, machozi yakimlengalenga.

"Labda anataka tunyamaze, Mtukufu," Nungunungu alinong'ona.

"Ninyamaze? Ndani ya nyumba yangu?" Kiboko alinguruma hadi kibuyu kikatetemeka. "Bwawa langu, maji yangu, mianzi yangu! Wale wa huko chini nimewaambia mto umekauka, wakaamini. Kesho nikiwaambia mkojo wangu ndio mvua, watapanga foleni na vibuyu!"

Kinyonga alicheka kama ilivyompasa. "Na Digidigi, Mtukufu?"

"Haachiwi. Nani kasema ataachiwa? Akitoka huyo, wote watajua bwawa limejaa." Akamgeukia Nungunungu. "Haya, fundi. Kasoro iko wapi?"

"Imekwisha kujionyesha, Mtukufu. Mwanzi unaopandisha sauti hadi huku juu huishusha chini vilevile."

Chumba kilinyamaza, kama Popo alivyotaka tangu mwanzo. Kisha kutoka mbali, chini kabisa, ukasikika mvumo.

"Ngurumo hiyo," Kinyonga alisema haraka, akibadili rangi mara tatu. "Mvua inakuja, Mtukufu."

Zilikuwa kwato.

Jioni hiyo Bi Digidigi alikunywa maji bwawani, dada yake akiwa ubavuni. Kiboko alikuwa ameshakimbilia nchi nyingine. Nyati, aliyetangulia mbele ya kwato zote, akashika uongozi, na kabla wiki haijaisha akawa anapita shimo kwa shimo akigawa mianzi mipya yenye muhuri mpya.

"Hii haina tundu la pili, mzee wangu," alimwambia Nungunungu. "Naapa."

Nungunungu aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akachomoa mwiba mgongoni.

Nyati alikunja uso. "Hutuamini?"

"Nawaombea kila siku, Mheshimiwa," alijibu Nungunungu, na mwiba ulikuwa umeshaingia kwenye nta.