Utepe wa Kushoto

Mume wangu ni fundi cherehani hodari, na kichwa chake kigumu kama pasi ya mkaa. Nasema mapema msije mkadhani namchukia. Nimemkasirikia tu, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Kila mwaka, wiki ya kuwakumbuka waliokufa vitani, duka letu hushona tepe nyekundu. Mtu yeyote huvaa kifuani upande wa kulia. Aliyefiwa huvaa kushoto. Mama akishavaa kushoto, mchonga mawe huchonga jina la mwanawe kwenye ukuta wa uwanjani, na ofisi ya jeshi huacha kumtafuta. Ndivyo tulivyokuta.

Zamani asiyetaka kuvaa aliachwa na lake. Kinyozi jirani yetu hajawahi kuvaa; anasema marehemu hawana shida na vitambaa, shida yao ni sisi tunaoendelea kupigana. Watu walikuwa wakimcheka. Mwaka huu hakuna anayecheka. Kuna vijana wanapita mitaani wanatazama vifua kabla ya nyuso, na kinyozi kafunga duka, eti kaenda kwa wakwe kupumzika.

Tuliyekuwa tukimhofia hasa ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwoka mikate. Mwanawe wa pekee alipotea vitani. Kupotea, si kufa. Hakuna aliyeona maiti. Wifi hakutaka utepe wowote.

"Wa kulia ni wa wasio na mtoto huko," alituambia. "Wa kushoto ni wa walioletewa habari. Mimi sina habari. Nivae wapi, mgongoni?"

Tulicheka, maana wifi ana mdomo. Asubuhi yake mlango wa nyumba yake ulikutwa umemwagiwa rangi nyekundu, na dirisha limevunjwa kwa jiwe.

"Watamuua dada," mume wangu akasema. Nikamwambia amwache, dada yake ana akili zake. Akainamia cherehani. Akiinama hivyo najua kuna jambo, na siku hiyo nilijua nikapuuza.

Wifi alikuwa ameleta koti lake libadilishwe zipu. Mume wangu alingoja nitoke kununua nyuzi, akalishonea utepe. Alitaka kushona wa kulia, ule wa kila mtu, ili vijana wampite salama. Na ili mishono isionekane, aligeuza koti ndani nje, kama afanyavyo siku zote. Koti likigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto. Hata anayejifunza cherehani leo analijua hilo. Yeye alikuwa anachungulia mlango nisije nikamkuta, akasahau. Kisha akalikunja, akalitia kwenye mfuko.

Wifi alikuja akalichukua. Mvua ikamkuta njiani, akalivaa mbiombio, kofia ya koti hadi machoni, akakatiza uwanjani. Wanaume walivua kofia. Vijana wale wale walimpisha, na mmoja akambebea mfuko. Wifi alidhani mioyo yao imelainika, akafurahi, maskini. Mchonga mawe alimwona kutoka kwenye kibanda chake, akainamisha kichwa, akachukua nyundo na patasi.

Alikuja kuuona utepe alipovua koti alikaushe karibu na tanuri. Alitujia anakimbia, mikono imejaa unga. Alimtazama mdogo wake usoni, akajua ni yeye. Tukatoka sote watatu kwenda ukutani. Mchonga mawe alikuwa anapuliza vumbi kwenye herufi ya mwisho.

"Fumua," mume wangu akamwambia. Neno la fundi nguo, ndilo alilokuwa nalo.

"Hili jiwe, fundi," mchonga mawe akajibu kwa upole. "Na ofisini nimeshapiga simu. Wamefunga msako. Wanasema poleni sana."

Wifi alilipapasa jina la mwanawe mpaka unga wa mikono ukabaki ndani ya herufi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yeye alikuwa bado anangoja mjukuu wa kweli.

Asubuhi vijana walifika nyumbani kwake na brashi, rangi na kioo kipya. Walifanya kazi kimya, vizuri kabisa. Mkubwa wao, utepe umenyooka kifuani, alimshika wifi mkono akamwambia, "Sasa uko pamoja nasi, mama." Niliogopa adabu yao kuliko nilivyoliogopa lile jiwe la dirishani.

Wifi akaja dukani, koti mwilini, utepe kushoto. Nilitegemea amtukane mume wangu. Ningemsaidia. Alivua koti akaliweka juu ya meza.

"Kona moja imelegea, mdogo wangu," akasema. "Ikaze. Wako nje wananingoja, wanataka kunipeleka ukutani."

Mume wangu alijaribu kutunga uzi, akashindwa. Nikamnyang'anya sindano, nikatunga mimi.