Kadi Ndani ya Godoro

Fundi cherehani alichoka kudaiwa, akaichukua kadi yao ya mkopo, akaishona ndani ya godoro. Yeye na mumewe walikubaliana isitoke mpaka deni liishe. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi alipeleka benki jasho lake la sare na mapazia, lakini ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Deni halikupungua, naye akailaani riba isiyo na haya.

Leo gesi ikaisha chakula kikiwa nusu kibichi. Akasema liwalo na liwe, akachukua wembe, akainamia godoro. Mkono ukasita. Mshono ule haukuwa wake. Ulipindapinda, hatua kubwa kubwa, kama wa mtu anayefunga gunia.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. "Dawa za mama," akasema polepole. "Halafu kodi ya nyumba. Sikutaka kukuongezea mawazo, mke wangu."

Hasira ilimpanda mwanamke, ikafika kooni, ikachoka hapo hapo. Akafumua, akaitoa kadi, akamwekea mumewe sindano kiganjani.

"Nikirudi na gesi nitakufundisha kushona. Kwa mishono hii yako, godoro litaisha kabla ya deni."